Kujiandaa kwa ultramarathoni ya milimani kwenye njia ya Marangu

Ultramarathoni ni mbio ndefu kuliko marathoni, yaani zaidi ya kilomita 42. Mkimbiaji anayemaliza kilomita 42 za lami Dar es Salaam bila shida anaweza kufika lango la Marangu, Kilimanjaro, akakuta kilomita 8 za kwenda kambi ya Mandara zinamchukua saa mbili. Hajadhoofika. Lango liko karibu mita 1,860 juu ya usawa wa bahari na Mandara iko mita 2,720, kwa hiyo amepanda zaidi ya mita 850 huku hewa ikizidi kuwa nyepesi. Mlimani usihesabu kilomita. Andika daftarini saa ulizokaa miguuni na mita ulizopanda.

Wiki za mwanzo si lazima uingie Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Barabara za vumbi na njia za migombani kati ya Moshi na vijiji vya juu zina mwinuko wa kutosha. Anza na mita 800 za kupanda kwa wiki nzima, ongeza kama asilimia 10 hadi 15 kila wiki, na kila wiki ya nne punguza theluthi moja ili mishipa ya kisigino na magoti yapone. Lengo ni kwamba wiki tatu kabla ya mbio, mita unazopanda kwa wiki zikaribie zile za siku ya mbio.

Unapopanda, kipimo ni mdomo wako. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukata pumzi, tembea. Wakimbiaji wa lami huona aibu kutembea, na hapo ndipo wengi huharibu siku yao: kwenye mwinuko mkali, kutembea kwa hatua fupi, mikono ikisukuma mapaja, hutumia nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa mwendo uleule. Usitegemee sana saa ya mapigo ya moyo, kwa kuwa juu moyo hupiga kasi zaidi kuliko chini, hata mwendo ukiwa uleule.

Ila kinachowatoa watu mbioni mara nyingi ni kushuka. Kila unapotua, msuli wa mbele wa paja hurefuka huku ukikaza kukuzuia usianguke, na nyuzi zake huumia. Maumivu hufika kileleni siku ya pili, wakati ngazi ya nyumbani tu inakuwa mtihani. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza: zoezi moja la kushuka huukinga kwa wiki kadhaa. Tafuta mteremko wa wastani, wenye urefu wa mita 400. Wiki ya kwanza shuka kwa kasi mara 4, ukirudi juu kwa kutembea. Baada ya siku 7 hadi 10 fanya mara 6, kisha 8. La mwisho liwe wiki mbili kabla ya mbio.

Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, mguu utue chini ya kiuno, si mbele yako. Ukiegemea nyuma unakanyaga breki kwa kisigino, na goti ndilo linalolipa. Macho yatazame mita 3 au 4 mbele. Kwenye msitu ulio chini ya Mandara mizizi iliyolowa huteleza kuliko jiwe, basi kanyaga kati ya mzizi na mzizi, kamwe si juu yake. Kata kucha siku mbili kabla, na nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiacha upana wa kidole gumba mbele. Kucha nyeusi hutokana na kidole kugonga kiatu. Pitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa ili kisigino kisicheze.

Miguu ikishazoea, panga siku mbili hifadhini. Lazima uwe na kibali na mwongozaji, na mweleze mapema kwamba utakimbia sehemu za kushuka, akupe mtu anayemudu. Siku ya kwanza panda hadi Mandara, ulale. Siku ya pili ondoka saa 12 asubuhi, panda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, kisha shuka mpaka langoni: jumla karibu kilomita 30. Wapishe wapagazi kila mara, wana mizigo.

Horombo mgandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili tu ya ule wa pwani. Safari moja kama hii haiongezi chembe nyekundu za damu, kwani hilo huchukua kama wiki tatu za kuishi juu, lakini inakufundisha mwendo na kula. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, huenda ni ugonjwa wa mwinuko: usipande zaidi. Dawa ya maumivu huondoa maumivu tu, ugonjwa unabaki. Ukishuku kwamba mwenzako anaumwa, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akihema na kukohoa hali amekaa, mshusheni saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na asishuke peke yake.

Hamu ya kula hupungua juu, basi kula kwa kufuata saa, kidogokidogo kila dakika 20 au 30. Lita moja ya maji, vijiko vitano vya chakula vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi inatosha kuwa kinywaji. Nusu lita yake kwa saa hukupa gramu 30 za wanga, na ndizi moja ya wastani huongeza kama 25. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi huingia hata pale vitu vitamu vinapokinai. Kunywa ukisikia kiu, usijaze tumbo maji matupu, yatazimua chumvi ya damu.

Wiki mbili za mwisho punguza kupanda kwa nusu, ukibakiza kilima kifupi mara moja kwa wiki, na usijaribu kiatu wala chakula kipya.