Miaka mitatu ya kudai fidia ya kifo: hesabu yake haianzi unapodhani

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Kenya, na familia iliyofiwa huanza kwangu kabla ya kuonana na wakili. Huwauliza mambo matatu: aliumia lini, alifariki lini, na gari, mashine au hospitali hiyo ni ya nani. Majibu nayaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, kisha ndipo nauliza jina la mdai.

Wengi huja na nambari moja waliyoisikia matangani: miaka mitatu. Si uongo. Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, inawapa mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu miaka mitatu tangu siku ya kifo. (Kaka na dada hawamo katika orodha hiyo, hata kama ndio waliolipa bili ya hospitali.) Lakini jalada moja la kifo kwa kawaida hubeba madai mawili. Mbali na ya wategemezi, kuna ya marehemu mwenyewe chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, yaani maumivu aliyopata kabla ya kufa na umri aliopunguziwa. Haki hiyo ilikuwa yake tangu alipoumia, kwa hiyo miaka yake mitatu huanza siku ya ajali.

Mtu akigongwa tarehe 4 Machi 2023 akafariki 20 Oktoba mwaka huohuo, madai yake mwenyewe yanafungwa mapema Machi 2026, na ya wategemezi Oktoba 2026. Kwa kuwa yote huwasilishwa katika kesi moja, tarehe ya kuishika ni ya Machi. Aliyefia papo hapo hana tofauti hiyo.

Sasa swali la mwenye gari. Ukimshtaki mtu binafsi au kampuni, una miaka mitatu. Ukiishtaki Serikali, kwa mfano gari la polisi lilipomgonga, sheria ya muda wa kushtaki mamlaka za umma, Sura ya 39, inakupa miezi 12 tu. Sheria hiyohiyo iliwapa mabaraza ya miji muda uleule, na mawakili hubishana kama kaunti zimerithi kinga hiyo. Ubishi huo waachie wao. Wewe chukulia kaunti kama Serikali na uhesabu miezi 12. Kuna pia notisi ya siku 30 ambayo Mwanasheria Mkuu alipaswa kupewa kabla ya kesi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema sharti hilo linapingana na Katiba, ila ofisi yetu bado huituma. Karatasi moja haina hasara.

Kama marehemu alifia kazini, mlango ni mwingine kabisa. Chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12 tangu kifo. Usianzie mahakamani, Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo Desemba 2019.

Kinachokula muda zaidi ni makaratasi. Ili udai kwa niaba ya marehemu lazima uwe na hati ya mahakama inayokuruhusu kusimamia kesi yake, na uwe nayo kabla ya kuwasilisha madai. Kesi iliyofunguliwa bila hati hiyo ni kama haikufunguliwa, na kuileta baadaye hakuifufui. Kuipata unahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, na hapo ndipo familia hukwama: wake wawili, kila mmoja na barua yake, au mzee aliyeamua kwamba shamba lizungumzwe kwanza. Nawaambia wazi kwamba hati hii ya kesi haigawi shamba la mtu. Wakiendelea kuvutana, Sura ya 32 ina njia ya kando: miezi sita ikipita tangu kifo bila msimamizi kufungua kesi, au kama hakuna msimamizi, wategemezi wanaweza kushtaki kwa majina yao. Njia hiyo huokoa dai la wategemezi tu, si lile la marehemu.

Huku mkingoja, chukueni abstrakti ya polisi (muhtasari wa taarifa ya ajali), ripoti ya upasuaji wa maiti na rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Msingoje kesi ya trafiki iishe. Hukumu dhidi ya dereva ni ushahidi mzito, lakini haisimamishi saa ya kesi yenu, na kesi za trafiki huahirishwa hadi mtu akachoka. Mazungumzo na bima nayo hayasimamishi chochote. Nimeona barua tamu za "tunalishughulikia dai lenu" zikija mwezi baada ya mwezi, kisha kimya baada ya muda kupita.

Likizo ya mahakama pia huwadanganya watu. Siku za 21 Desemba hadi 13 Januari hazihesabiwi kwa muda uliowekwa na kanuni za mahakama, lakini miaka mitatu ni ya sheria yenyewe, na inaendelea kuhesabika Krismasi hadi Mwaka Mpya.

Umechelewa? Mahakama inaweza kukuruhusu iwapo jambo la msingi lilifichika na usingeweza kulijua kwa wakati. Kutojua sheria au kukosa pesa hakumo.

Siku ya kuwasilisha, kumbuka kwamba kupakia hati kwenye mfumo wa mahakama hakutoshi. Kesi huhesabiwa imefunguliwa ada ikilipwa, kwa hiyo usingoje saa tano usiku ya siku ya mwisho ukiomba M-Pesa isigome. Hifadhi risiti, ipe kampuni ya bima notisi siku hiyohiyo, na samansi zimfikie mdaiwa kabla hazijamaliza miezi 12.