Kuandaa simu iwe sauti ya mtoto mwenye usonji, hapa kwetu Lamu

Kama nyumbani muna mtoto mwenye usonji ambaye hasemi, au anasema maneno mawili matatu halafu anapandwa na hasira manake hamumuelewi, hiyo simu ya Android mliyonayo inaweza kumfanyia kazi kubwa sana. Wazazi wengi huambiwa tu "muwekee apu" wakaachwa hapo hapo, kwa hivyo hebu twende taratibu.

Kwanza tuondoe hofu. Kina bibi na hata baadhi ya waalimu husema ukimzoesha mtoto kubonyeza picha ili simu imsemee hatasema tena maisha. Si kweli. Mwaka 2006 watafiti watatu, Millar, Light na Schlosser, walipitia tafiti zilizokuwa zimeshafanywa juu ya njia kama hizi za kuwasiliana wakapata watu 27 wenye ushahidi wa kutegemewa, asilimia 89 kati yao usemi wao uliongezeka na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma. Kuongezeka kwenyewe mara nyingi kulikuwa kidogo kidogo, lakini hakuna aliyenyamazishwa. Mueleze bibi hivyo, kwa adabu.

Sasa apu gani. Ile yenye jina kubwa, Proloquo2Go, ni ya vifaa vya Apple peke yake, kama iPhone na iPad, bei inakaribia dola 250 na Kiswahili haina, iweke kando. Anza na LetMeTalk au Cboard, zote waweza kuanza nazo bure. LetMeTalk ina picha zaidi ya 9,000 za ARASAAC, mradi wa jimbo la Aragón kule Uhispania unaotoa picha bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Cboard naipenda zaidi kwa jambo moja, kila kiboksi chake unaweza kukirekodia sauti yako mwenyewe, na kwa hapa kwetu hilo ndilo lenye uzito. Google ina sauti ya Kiswahili kwenye Android, ndio, na inasaidia, lakini nyumbani Langoni mtoto anasikia "mai" kutoka alipozaliwa halafu simu inamwambia "maji" kwa sauti ya mtu asiyemjua. Rekodi sauti ya mama, au bora zaidi ya mtu wa rika karibu na lake, kwa mfano dada mkubwa kama mtoto ni wa kike.

Picha pia usitegemee zile zilizokuja na apu. Zina sandwichi, zina basi la shule la manjano, zina theluji, mtoto wa Mkomani atabonyeza theluji aombe nini? Toa simu, piga picha kikombe chake chenyewe, kile cha bluu kilichokwaruzika, kwenye mwangaza, nyuma pasiwe na vitu vingi. Piga mahamri, piga viazi vya karai, piga mlango wa nyumba ya nyanya yake, piga punda wa ami, piga jeti, yaani gati, kama anapenda kwenda kutazama mashua. Halafu ingia Cboard, fungua kikufuli cha juu, ongeza kiboksi, chagua picha kutoka kwenye simu, andika jina, bonyeza maikrofoni urekodi. Bas.

Siku za mwanzo weka viboksi vichache, sita hivi au vinane, na visiwe vya chakula tu. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, ubao wote, yaani ule ukurasa wa viboksi, ni chakula na choo. Mtoto anahitaji "sitaki". Anahitaji "yatosha", "tena", "kelele", "naumwa" na "twende". "Sitaki" iwepo kuanzia siku ya kwanza, na akiibonyeza uiheshimu pale inapowezekana, hata kama umeshapakua uji kwenye bakuli. Akiona neno lake linafanya kazi atalirudia, akiona halina maana atarudi kwenye kulia na kujitupa chini, na hapo hana makosa.

Kuitumia sasa. Usimshike mkono ukambonyezesha. Bonyeza wewe, unapoongea naye. Ukimpa mai bonyeza mai, mkitoka bonyeza twende, mkipita njia ya nyuma akamuona punda bonyeza punda, yaani umuoneshe kuwa hii ni lugha ya watu wote nyumbani, si mtihani wake yeye. Ukimuuliza kitu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, wengi wao wanahitaji muda wa kuipanga ile habari kichwani na sisi tunawakatiza. Itachukua wiki, pengine miezi, kabla hajabonyeza mwenyewe. Endelea tu.

Asitoke kwenye apu akaenda YouTube, fungua Mipangilio, sehemu ya Usalama, utakuta kubandika programu, iwashe uweke na namba ya siri, halafu fungua orodha ya apu za karibuni uibandike ile ya kuongea. Kwa iPhone ingia Mipangilio (Settings), Ufikivu (Accessibility), washa Guided Access, halafu ukiwa ndani ya apu bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Mkiweza, tafuteni simu ya mitumba iwe ya kuongea tu, ya katuni iwe nyingine, manake simu ya katuni siku moja utamnyang'anya. Hii ya kuongea haichukuliwi kama adhabu, kamwe, hata akiwa amevunja sahani zote, wewe hukatwi ulimi ukikosea.

Stima nayo hukatika, tunajua. Piga picha ya ubao wake, nenda sayba wakutolee kwa rangi na waifunike plastiki, toboa upande upitishe kamba. Huo ndio wa kwenda nao baharini na kwenye mashua, simu ibaki nyumbani.

Kelele ni habari nyingine. Injini za boti, spika, ngoma za wiki ya Maulidi mji ukijaa watu, mwenye usonji anaweza kuyasikia hayo kama maumivu ya mwili kabisa. Vile viziba masikio vya mafundi wa gurainda vinauzwa maduka ya hadiwea na vinafaa vizuri. Usimvalishe kwa nguvu, mpe avae na kuvua mwenyewe, na asikae navyo kutwa nzima, sikio likizoea kimya kelele ya kawaida inazidi kuuma. Na kwa wale ambao kuacha mchezo ni vita, apu ya Time Timer inaonesha duara jekundu linalopungua mpaka liishe, hahitaji kujua kusoma saa.

Wakubwa wenye usonji mara nyingi tunawasahau. Kuna vijana wanaosema vizuri kabisa lakini wakizidiwa sauti inagoma, hawa waandike ujumbe wauoneshe, au wauweke kwenye Google Translate wabonyeze spika, inasoma Kiswahili. Goblin Tools nayo unaiandikia kazi moja kubwa inakukatia vipande vidogo vidogo. Muulize mwenyewe anataka nini kabla hujampakulia kitu.

Kuhusu wanaopenda kutoroka, na sisi bahari iko mlangoni, lokesheni ya Google Maps isaidie tu, usiitegemee, vichochoro vyetu ni vyembamba na nyumba ndefu, inaweza kukuonesha mtaa wa pili. Mshonee kitambaa chenye namba yako ndani ya kola au umvalishe bangili iliyoandikwa, halafu nenda jeti uwaoneshe mabaharia na wabebaji picha yake, waambie hasemi, wasimpigie makelele, na wasimkimbize.

Ubao ukishakaa sawa fungua akaunti ya Cboard uuhifadhi, halafu uingie akaunti hiyo hiyo kwenye simu ya mwalimu wa shule na ya ustadhi wa chuoni, wote watumie maneno yale yale.