Somo: Kuwapima farasi vinara kabla ya Champion Hurdle

Somo hili linahusu mbio moja tu. Champion Hurdle hukimbiwa Jumanne, siku ya kwanza ya tamasha la Machi pale Cheltenham, Uingereza, na imekuwepo tangu 1927. Kwa farasi wa viunzi wa masafa ya maili 2 hakuna taji kubwa zaidi. Andaa daftari, na bando la kutosha kutazama marudio ya video, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye macho.

Wengi huanza kwa kuuliza nani ni farasi bora. Swali hilo halikufikishi mbali. Uliza hivi: nani ameshathibitisha kwamba anaruka viunzi 8 kwa kasi kubwa bila kukata hatua, kisha akabaki na pumzi ya kupanda kilima? Farasi wengi wenye majina makubwa wamejibu nusu tu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Fahamu mbio zenyewe zinadai nini

Umbali ni maili 2 na takriban nusu farlongi, yaani karibu mita 3,300. Mshindi hutumia kama dakika 4, pengine pungufu kidogo. Farasi wa miaka 5 na kuendelea hubeba ratili 164 (kilo 74.4 hivi). Wa miaka 4 hupunguziwa, na jike hupunguziwa ratili 7, karibu kilo 3.2. Hakuna anayeongezewa mzigo kwa sababu ana ushindi mwingi, kwa hiyo tofauti ya uwezo haifutwi na uzito kama inavyofutwa katika mbio za kusawazisha, ambako aliye bora hubebeshwa zaidi.

Kiunzi si ukuta. Ni fremu ya mbao iliyosokotwa vijiti, imechomekwa ardhini na kulazwa kidogo kuelekea upande wa kutua. Kimo cha fremu ni kama mita 1.07, na ikigongwa huinama. Vizuizi vikubwa vya mbio za stiplichezi huanzia mita 1.37, navyo havina huruma. Ndiyo maana farasi wa viunzi hafunzwi kuruka juu. Hufunzwa kupita chini-chini, karibu kama anayeongeza hatua moja ndefu, na hatari yote imefichika humo.

Hatua ya 2: Chora jedwali la mbio nne za mwisho

Kwa kila farasi andika mbio zake 4 za mwisho: uwanja, hali ya ardhi, idadi ya farasi, nani aliongoza, alishinda au alishindwa kwa urefu wa farasi wangapi. Safu ya mwisho iache wazi kwa ajili ya uruka wake, yaani namna anavyoruka.

Kwa maili 2, kisia kwamba ratili 1 ni sawa na urefu wa farasi mmoja, au pungufu kidogo. Ni kipimo cha mkono, lakini kinatosha. Ukiwa na nyakati badala ya urefu, hesabu urefu 5 kwa sekunde kwenye ardhi nzuri, na 4 ikiwa laini.

Kosa linaloharibu jedwali nyingi ni lile punguzo la majike. Jike aliyekimbia na majike wenzake hakupata punguzo lolote dhidi yao, basi akija Cheltenham mwongezee zile ratili 7 kwenye kiwango chake. Lakini jike aliyekimbia na madume katika Irish Champion Hurdle, mbio kama hii ya Ireland, alikuwa tayari amepunguziwa. Ukimwongezea tena umehesabu mara mbili, na utamwona bora kuliko alivyo.

Hatua ya 3: Pima mbio za majaribio kwa uwanja wake

Cheltenham huzungukwa kwa mkono wa kushoto, ina miinuko na mabonde, farasi huteremka kwa kasi kuelekea kona ya mwisho kisha hupanda hadi kwenye mstari. Sasa linganisha. Kempton, ambako Christmas Hurdle hukimbiwa tarehe 26 Desemba, ni tambarare na huzunguka kulia. Humtukuza farasi mwepesi wa kona. Wincanton, nyumbani kwa Kingwell Hurdle ya Februari, nayo ni ya kulia. Newcastle, kwenye Fighting Fifth, ni ya kushoto na ndefu, huonyesha pumzi. Leopardstown, kwenye Irish Champion Hurdle mwanzoni mwa Februari, ni ya kushoto na ina mwinuko mwishoni. Kati ya hizo, ndiyo inayonishawishi zaidi.

Angalia pia idadi ya farasi. Majaribio mengi huwa na farasi 4 au 5 tu. Wanakwenda mdogomdogo, halafu wanafyatuka kwenye viunzi viwili vya mwisho. Kushinda hivyo kwa urefu 8 kunapendeza kwenye karatasi, lakini hakujasema lolote kuhusu kuruka kwenye msongamano kwa kasi ya Machi.

Usidharau ushindi wa zamani kwenye uwanja huohuo. Mwaka 2024 Golden Ace alishinda mbio za majike wanagenzi Cheltenham, akimwacha Brighterdaysahead nyuma yake. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Champion Hurdle ya 2025, Brighterdaysahead alipewa nafasi kubwa kuliko yeye, na Golden Ace akaanza kwa bei ya kubashiri ya 25/1, yaani hakutegemewa, lakini akashinda. Aliyekuwa na jedwali lenye safu ya uwanja aliliona hilo.

Hatua ya 4: Tazama uruka, kiunzi baada ya kiunzi

Hapa ndipo pa kutumia jioni nzima. Zima sauti ya mtangazaji, maana anakuelekeza macho kwa anayeongoza. Punguza mwendo wa video hadi robo, kisha mfuate farasi mmoja tu kuanzia kiunzi cha kwanza hadi cha mwisho. Rudia kwa mwingine.

Simamisha video hatua tatu kabla ya kiunzi. Farasi mzuri masikio yamesimama mbele, shingo imetulia, na urefu wa hatua haubadiliki. Mpandaji mikono yake haitembei. Anaondoka ardhini mahali panapomruhusu kupita bila kupanda hewani, miguu ya mbele inakunjwa hadi magoti yanakaribia kifua, na ya nyuma inafuata upesi. Akitua, hatua ya kwanza inakwenda mbele, haizami chini.

Sasa angalia makosa, kwa sababu hayafanani uzito:

Anaondoka mbali mno. Ni kosa la farasi jasiri mwenye kasi. Miguu ya mbele inapita, ya nyuma inashukia ubao wa juu, kiuno kinapinda. Mara tisa anaponea, ya kumi anapinduka.

Anakaribia mno. Anaongeza kahatua kadogo, kwato za mbele zinagusa, pua inakaribia nyasi akitua. Haanguki mara nyingi, lakini kila mara anapoteza urefu mmoja hadi miwili na mdundo wake unavunjika.

Anaruka akivutwa upande. Kwenye uwanja wa kushoto, anayeyumba kulia hutembea njia ndefu zaidi. Nusu urefu kwa kila kiunzi mara 8 ni urefu 4, na mbio hizi zimewahi kuamuliwa kwa chini ya hapo.

Mpe kila kiunzi alama: +1 akipata nafasi, 0 akibaki pale pale, -1 akipoteza. Weka nyota pembeni kila anapoondoka mbali mno. Nyota hizo ziheshimu hata kama farasi ameshinda kila mara. Mwaka 2025 Constitution Hill, bingwa wa 2023 kwa urefu 9, alianguka kwenye kiunzi cha tano. State Man, bingwa wa 2024, alifika kiunzi cha mwisho akiwa mbele peke yake, naye akaanguka. Golden Ace akapita.

Hatua ya 5: Chora ramani ya kasi

Orodhesha wanaopenda kuongoza. Wakiwa wawili au zaidi, mbio zitakuwa kali mwanzo hadi mwisho, na farasi mwenye pumzi za maili 2 na nusu anapanda thamani. Akiwa mmoja, jiulize kama anaweza kuachiwa. Mpandaji akipewa uongozi wa bure huwapumzisha wote, na anayesubiri nyuma anajikuta anadaiwa kasi ya farasi wa mbio zisizo na viunzi kwenye mteremko, mahali ambapo kuruka vibaya ni rahisi kuliko pengine popote.

Hatua ya 6: Ardhi, afya na siku za mapumziko

Orodha ya mwisho hutoka takriban saa 48 kabla. Kabla ya hapo kila hesabu ni ya muda. Mwaka 2024 Constitution Hill hakukimbia kabisa kwa sababu ya maambukizi ya njia ya hewa. Mkufunzi akisema farasi "hakuonekana sawa kazini", lichukulie kwa uzito hata kama ni sentensi moja. Farasi aliyekosa jaribio lake la mwisho kwa kikohozi anaweza kung'aa asubuhi mazoezini na bado akaishiwa kilimani.

Ardhi soma asubuhi ya mbio, si Jumapili. Mvua ya usiku mmoja hugeuza mwepesi kuwa wa kawaida.

Hatua ya 7: Geuza maoni kuwa asilimia

Fanya hivi kabla ya kuona bei za kampuni za kubashiri. Gawa asilimia 100 kwa farasi wote, na baada ya hapo ndipo ulinganishe: 25/1 maana yake ni 1 kati ya 26, chini ya asilimia 4, 4/6 ni asilimia 60. Kisha kata kwa hatari ya kuanguka. Mfano: ukiona vinara wawili kila mmoja ana hatari ya asilimia 6, uwezekano kwamba angalau mmoja hatamaliza ni karibu asilimia 12. Kwa hiyo wa tatu na wa nne kwenye orodha yako wanastahili zaidi ya unavyowapa kwa mazoea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nafuatilia mbio za Ngong hapa Nairobi miaka mingi. Je, njia hii naweza kuitumia kwetu?

Jibu: Marahaba. Hatua ya 2, 5 na 7 zichukue kama zilivyo. Ngong ni mbio za tambarare, zisizo na viunzi, basi hatua ya 4 igeuze: badala ya kiunzi, tazama anavyotoka langoni na anavyochukua kona. Uzito nao uangalie upya, kwa sababu mbio za kusawazisha humbebesha zaidi aliye bora, na hapo pengo la jedwali lako linafutwa kwa makusudi.

Swali: Farasi aliyeanguka mbio zilizopita nimwondoe moja kwa moja?

Jibu: La, kaka, usimwondoe. Rudi kwenye video ujue ameanguka vipi. Annie Power alianguka kiunzi cha mwisho kwenye mbio za majike za Cheltenham mwaka 2015 akiwa anaongoza, na 2016 akarudi kushinda Champion Hurdle. Lakini Constitution Hill baada ya kuanguka Machi 2025 alianguka tena kwenye uwanja wa Aintree mwezi uliofuata. Mara moja ni tukio. Mara mbili mfululizo, na kwa kosa lilelile, ni tabia, mpunguzie nafasi kwa kiasi kikubwa.

Swali: Wa miaka 5 nasikia hawashindi. Kweli?

Jibu: Ni wachache, si kwamba hawashindi. Baada ya See You Then mwaka 1985 ilipita miaka mingi hadi Katchit mwaka 2008, kisha Espoir d'Allen mwaka 2019. Sababu ni ukomavu: farasi wa miaka 5 wengi wao ndio kwanza wanakutana na wakubwa waliokamaa mgongo na kifua. Akiwa amekwisha kuwashinda wakubwa kwa kasi halisi, umri usikuzuie.

Swali: Farasi aliyehamishiwa vizuizi vikubwa akarudishwa kwenye viunzi, tumsomeje? Nadhani atakuwa amezoea kuruka juu sana.

Jibu: Umewaza vizuri, dada. Hofu ni kwamba atapoteza muda hewani. Buveur d'Air alirudishwa hivyo katikati ya msimu akashinda 2017, na tena 2018. Tafuta mbio yake ya kwanza baada ya kurudi, hata ikiwa ndogo, na hesabu alama za viunzi vitatu vya mwisho tu. Vya kwanza atakuwa bado anakumbuka. Akishapita chini vile vitatu, amerudi.

Swali: Simu yangu kioo ni kidogo, farasi wakiwa kundini siwatofautishi.

Jibu: Fuata rangi ya kofia ya mpandaji, si ya farasi. Kama mmiliki mmoja ana farasi wawili, rangi za nguo zitafanana na kofia ndiyo itakayowatenganisha. Andika kofia ya kila mmoja kwenye jedwali kabla ya kubonyeza video, na anza na marudio ya kamera ya mbele ya viunzi viwili vya mwisho. Hapo kundi huwa limeshatawanyika.