Bima ya gari ikifutwa bila wewe kujua

Wenye magari wa Arusha na Moshi, hili lilinikuta. Pale Kikatiti trafiki aliingiza namba ya gari langu kwenye simu yake, bima ikasoma imefutwa, na risiti ya dalali ninayo kwenye dashibodi! Niliumia sana.

Usipoteze muda kubishana na dalali kwa simu. Iandikie barua kampuni ya bima yenyewe, ambatanisha risiti na meseji ya muamala, uliza bima ilifutwa lini, kwa nini, na hela yako iko wapi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya kanda hapa Arusha.

Gari lipaki kwanza, tafadhali. Ukigonga mtu huna bima, utalipa mwenyewe.