Plaiwudi ya paa huku Malindi, nunua hivi upige hivi

Ukitaka kuezeka vile vigae vya lami, vile laini kama karatasi nene, au unaongeza chumba cha mbao juu ya ghorofa, lazima kwanza upige plaiwudi, na hapo ndo watu wanaumia manake plaiwudi ya bara na ya kukaa hapa mita 200 kutoka baharini si kitu kimoja hata kidogo.

Tuanze hadwea. Usiulize tu "iko plaiwudi?" utapewa ya kabati. Sema wataka marini, ile ya kuhimili maji, shiti ni futi 8 kwa 4, halafu usiamini muhuri, muhuri yeyote anagonga. Iangalie ubavuni. Ukiona mwanya kati ya tabaka wa kuingia kijiti cha kiberiti achana nayo, na mstari wa gundi uwe mweusi au kahawia iliyokoza, ukiwa mweupe mweupe hio ni ya ndani ya nyumba. Ingawa kuna wanaotia rangi kwa gundi, kwa hivo mi huomba kipande nakitia kwa sufuria ya maji yanayochemka masaa matatu manne (mama watoto akinung'unikia gesi yake), tabaka zisipoachana ndo narudi na pesa. Chipbodi na MDF, zile bodi za vumbi la mbao lililogandishwa, sahau, zikinywa maji zinaumuka kama mahamri.

Unene? Kenchi zikipishana inchi 16, mm 12 yatosha. Zikipishana 24 mi hutia 18, fundi akisema 9 inabeba mwambie apande yeye kwanza. Ukutani 9 au 12 sawa.

Ikifika nyumbani ilaze chali kivulini juu ya vipande vitatu vya mbao, usiiegemeze ukutani itapinda kama tanga la jahazi. Na kabla haijapanda juu paka rangi ya mafuta ubavu wote, pande nne, na kila unapokata paka tena, manake maji hayaingilii usoni yanaingilia ubavuni.

Kupiga sasa. Upande mrefu wa shiti ukingamane na kenchi, ncha zikutane katikati ya mbao ya kenchi sio hewani, na mstari wa pili anza na nusu shiti ili maungio yasifuatane. Alafu acha mwanya wa mm 3 kila shiti na mwenzake, hapa ndo nlipigwa mimi. Banda langu la kwanza fundi alibana shiti hadi wembe haupiti, tukamsifu sana, masika ikaja mwezi wa tano plaiwudi zikanywa unyevu zikaanza kusukumana, paa likatoa nundu kama ngamia na tukang'oa lote. Siku hizi nasimamisha msumari mwembamba kati ya shiti mbili, napigilia, nauchomoa, naenda mbele.

Misumari ya kawaida chumvi inaila, chukua ya zinki yenye mapete mwilini, inchi 2, na kama uko ufuoni kabisa skrubu za stenlesi hata kama bei inauma. Pembeni piga kila inchi 6, katikati kila 12, usisogee ukingoni zaidi ya upana wa kidole cha mwisho itapasuka. Upande unaotazama bahari mi huongeza misumari manake kusi ikivuma inaingia chini ya paa ikibeba. Ukimaliza shuka uingie ndani uangalie juu, kila ncha ya msumari unayoiona inaning'inia imekosa mbao, ing'oe upige upya.

Felti, lile karatasi la lami la kuzuia maji, itandike juu ya plaiwudi siku hiohio, anza chini ukipanda, ilaliane inchi 4. Kwa ukuta shiti ya chini iishie inchi 8 juu ya ardhi, mchwa wa huku hawabishi hodi.