Kupunguza uzito Bukavu: mafuta kwa kijiko, mlima kwa miguu

Karibu kila juma napokea mtu anayeniambia: "Mama, natembea kila asubuhi, huu ni mwezi wa pili, na kilo ziko palepale." Namwamini, anatembea kweli. Ila hakuna aliyewahi kumwekea hesabu ya miguu na ya sufuria mezani kwa pamoja. Mimi ni muuguzi wa lishe hapa Bukavu, na Jumamosi natoka na kikundi cha kutembea. Hatua ninazowapa watu wangu ni hizi.

Kwanza, wasioanza bila daktari: mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye shida ya moyo, na mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au glibenklamide. Huyo wa mwisho akipunguza bugali bila kurekebishiwa dawa, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Na kama unakonda bila kutaka, usifurahi. Nenda ukapimwe.

Hatua ya 1: Funga fundo kwenye uzi

Chukua uzi usiovutika, uzungushe tumboni usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, ufunge fundo pale unapokutana. Uandikie tarehe kwenye karatasi na uuhifadhi. Kila baada ya majuma mawili, pima tena asubuhi kabla ya kula. Mizani nayo ni nzuri, mradi iwe ileile kila mara. Ukitaka namba, fundi cherehani wa jirani ana mita: kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume, hatari ya presha na sukari inaanza kupanda.

Lengo ni nusu kilo kwa juma. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama kalori 7,700, kwa hiyo nusu kilo inadai upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka saa nzima anachoma kama 300. Bia moja kubwa ya Primus inazirudisha zote kabla hajamaliza kusimulia safari yake. Ndiyo maana nagawa deni: 300 zitoke kwenye sahani, 200 zitoke kwenye miguu. Hivyo hakuna upande unaolemewa.

Hatua ya 2: Mafuta yapitie kwenye kijiko

Hapa nakaa muda mrefu kuliko pote, kwa sababu hapa ndipo kilo nyingi za mji huu zinapoingilia.

Mama mmoja wa Bagira aliniapia kwamba anapika na "mafuta kidogo tu". Nilikwenda kwake jioni. Akashika chupa ya mawese juu ya sufuria ya sombe (majani ya muhogo), nikamwomba amimine kwanza kwenye kikombe, kama anavyomimina siku zote. Kisha tukahesabu pamoja, kijiko cha supu kimoja kimoja: vilifika tisa. Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Sombe ya watu wanne ilikuwa na zaidi ya kalori 1,000 za mafuta peke yake, na karanga za kusaga hazijaingia bado. Alinyamaza, akarudisha vijiko vitano kwenye chupa. Watoto walikula bila kuuliza kitu.

Fanya vilevile: kijiko kimoja kwa kila mlaji, kwa mlo mzima. Sombe haina kosa, na mawese hayana kosa. Yana vitamini A na yanatia ladha. Kosa ni kumimina kwa macho. Sambaza nazo, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, badala ya kuzikaanga zikaelea, zichemshe na nyanya, kitunguu na pilipili. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sioni protini inayotufaa kuliko hiyo.

Hatua ya 3: Kuwa na sahani yako

Kula pamoja kwenye sinia ni upendo, nami sikatazi. Lakini kwa miezi mitatu hii pakua chakula chako pembeni, ukae palepale na wenzako. Anza na mboga: lengalenga, kabeji, sombe, zijaze nusu ya sahani. Kisha maharage au samaki, robo. Bugali uje mwisho, donge la ukubwa wa ngumi yako.

Bugali wa muhogo unashibisha haraka, lakini protini yake ni kidogo mno, na njaa inarudi mapema. Changanya unga wa mahindi, na maharage yasikose.

Chai: vijiko vidogo vinne vya sukari kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu kalori 200. Shuka hadi kijiko kimoja polepole, juma kwa juma.

Hatua ya 4: Usikae na njaa hadi usiku

Najua nyumba nyingi zinapika mara moja tu, jioni. Kama ndivyo kwenu, tenga sehemu ndogo ya jioni uile asubuhi: maharage yaliyobaki, kiazi kitamu, ndizi mbili. Anayeshinda njaa hadi saa mbili usiku hawezi kupima donge la ngumi. Hata mimi siwezi.

Hatua ya 5: Geuza safari ya moto (pikipiki)

Watu wetu hupanda mlima kwa moto na kushuka kwa miguu. Nawaomba wageuze. Kupanda ndiko kunakochoma na kujenga mapaja na moyo. Kushuka kunayapiga magoti, hasa ya mtu mzito. Panda Kadutu au Muhungu kwa miguu yako. Goti likiuma, shuka kwa moto, au shuka kwa hatua fupi.

Juma la kwanza na la pili: dakika 20 mahali pa tambarare, siku tano. La tatu na la nne: dakika 30, kumi kati yake ziwe za kupanda. Baada ya hapo, dakika 45. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, jua likishatoka, na hakuna anayetembea peke yake.

Usijifunge plastiki tumboni ili utoke jasho. Linalotoka ni maji, nayo yanarudi ukinywa. Chai za kukondesha zinazokuharisha ni hivyohivyo, tena zinadhoofisha mwili.

Hatua ya 6: Bidoni ya lita 5

Mtu akipunguza chakula bila kutumia misuli, anapoteza misuli pamoja na mafuta. Mara mbili kwa juma, fanya haya nyumbani: keti kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, mara 10, sukuma ukuta kwa mikono, mara 10, jaza maji bidoni ya lita 5, ambayo ni kilo 5, inama kidogo huku mgongo umenyooka, uivute hadi ubavuni, mara 10 kila mkono. Pumzika, rudia mara mbili.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maneno

Baada ya kilo nne au tano, mtu atakuuliza mbele za watu: "Dada, umekonda hivi, unaumwa?" Kwetu unene umehesabiwa kuwa heshima, na wembamba ugonjwa. Dada kadhaa wameacha kwa swali hilo tu, na linaniuma kila mara. Tayarisha jibu mapema: "Sijambo, nafuata mpango wa lishe, presha yangu imeshuka." Kwa mtu wa kilo 80, kilo nne ni asilimia 5 ya mwili, na kwa wengi kiasi hicho kinatosha kuteremsha presha na sukari.

Hatua ya 8: Fundo likigoma

Karibu na mwezi wa tatu uzi hausogei tena. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo hesabu ya zamani haitoshi. Usipunguze chakula mara moja. Rudi jikoni siku tatu, mimina mafuta kwenye kikombe na uhesabu vijiko upya, kwa sababu mara nyingi vimeongezeka bila mtu kuona. Kama havijaongezeka, ongeza dakika 15 za kupanda, siku tatu kwa juma, kisha upime uzi baada ya majuma mawili.