Somo: Keki ya matabaka ya biskuti isiyoingia ovenini, kwa meza ya Pasaka

Habari zenu wapendwa. Somo la leo ni la wale ambao Jumapili ya Pasaka oveni yao inakaliwa na nyama tangu asubuhi, na la wale wasio na oveni kabisa. Tunatengeneza keki ya matabaka ya biskuti, krimu ya limau na chokoleti juu. Moto tutauona mara mbili tu: kuyeyusha siagi na kupasha krimu kidogo.

Kabla sijataja kipimo hata kimoja, shikeni hili: keki hii hutengenezwa Jumamosi. Mwaka wangu wa kwanza niliianza saa nne asubuhi siku yenyewe ya Pasaka, saa nane mchana nikaikata mbele ya wageni. Biskuti zilikatika ka! ka! kama vigae, krimu ikachuruzika pembeni, na shemeji yangu akauliza kwa upole kama ile niliyomwekea ni supu. Ladha ilikuwepo. Keki ndiyo haikuwepo.

Kosa langu lilikuwa haraka. Biskuti ni kitu kilichokaushwa mpaka kikabaki na maji kiduchu sana, na krimu zaidi ya nusu yake ni maji. Ukivilaza pamoja kwenye baridi, maji huhama polepole kutoka kwenye krimu kwenda kwenye biskuti. Biskuti inalainika mpaka meno hayaitofautishi na keki iliyookwa, na krimu nayo inashikana zaidi. Kazi hiyo inataka saa 8 hadi 12. Warusi wana paskha, kitindamlo cha jibini laini kwa ajili ya sikukuu hii hii, na ile isiyopikwa hukaa kwenye chombo chake cha kuipa umbo usiku mzima mahali pa baridi ikijichuja. Kwa hiyo wa kusubiri usiku hatuko peke yetu.

MAHITAJI

Sahani ya mraba ya sm 20, yenye kina cha sm 6 hivi. Inatoa vipande 9 vikubwa, au 16 vya watu wenye adabu.

Kitako: biskuti za kawaida gramu 150, siagi gramu 75, chumvi kidogo sana kama siagi yako haina.

Matabaka: biskuti nyembamba gramu 200, krimu ya kupiga ml 400, maziwa mazito ya kopo yenye sukari (kopo moja la gramu 395 au karibu na hapo), maji ya limau ml 100 (malimau 3 hivi), na ganda la limau moja lililokwaruzwa.

Juu: chokoleti nyeusi gramu 100, krimu ml 100, na mayai madogo ya chokoleti ya kupambia.

Sukari ya kuongeza hakuna. Maziwa ya kopo yanatosha, na mtu akiniambia haitoshi namwomba aonje kesho yake ndipo turudi kwenye mazungumzo.

HATUA YA 1: Kitako

Tia biskuti kwenye mfuko imara, zipondeponde kwa kitu kizito mpaka zifanane na mchanga mkavu. Vipande vidogo vichache vikibaki si neno. Mimina siagi iliyoyeyuka na uchanganye. Kipimo ni mkono wako: ukifinya konzi moja inashikana, ukiigusa kwa kidole inabomoka. Isiposhikana, ongeza kijiko kimoja cha siagi.

Tandika karatasi ya kuokea kwenye sahani, ncha zake zitokeze nje ili kesho uinyanyulie. Mwaga mchanga wako, usawazishe kwa kitako cha glasi. Gandamiza kwa kiasi. Wengine wanakandamiza kama wanatengeneza barabara, halafu kisu kinagoma. Weka jokofuni dakika 30. Siagi ikiganda ndiyo gundi.

HATUA YA 2: Krimu

Hapa ndipo wengi mnapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soma pakiti kwanza. Krimu ya kupiga iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 30, na ikifika 35 mambo yanakuwa mepesi. Krimu nyepesi ya kutilia kahawa hata uipige mpaka mkono ufe ganzi haisimami, kwa sababu kinachoshikilia povu ni vitone vya mafuta vinavyogandamana kuzunguka hewa. Mafuta yakipata joto yanakuwa laini, hayashiki kitu. Ndiyo maana krimu inatoka jokofuni wakati huohuo wa kupigwa, na bakuli pamoja na mapigio ya mashine navitanguliza kwenye friza dakika 15. Pasaka ya makanisa ya Magharibi huhamahama kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo mwaka mmoja unapiga krimu ukiwa na sweta na mwaka mwingine madirisha yote yako wazi. Huo wa madirisha wazi, bakuli la krimu likae juu ya bakuli la barafu.

Anza taratibu, halafu ongeza kasi ya wastani. Mistari ya mapigio ikianza kubaki bila kufutika, punguza kasi na ufumbue macho. Inua mashine: ncha ya krimu isimame na kuinamisha kichwa kidogo. Simama hapo hapo. Simu ikiita, iache iite.

HATUA YA 3: Limau

Kwenye bakuli lingine, tia maziwa ya kopo na ganda la limau, kisha mimina maji ya limau kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona maziwa yanakuwa mazito mbele ya macho yako. Ni uchachu wa limau unaokamata protini za maziwa na kuziunganisha, na ndiyo sababu somo hili halina jelatini.

Sasa chota theluthi ya krimu, ichanganye humo bila huruma ili mchanganyiko uwe mwepesi. Inayobaki iingize kwa upole, ukipindua kwa mwiko wa mpira toka chini kwenda juu. Ukikoroga kwa nguvu unatoa hewa uliyoitafuta kwa dakika zote zile.

HATUA YA 4: Kupanga

Krimu theluthi moja juu ya kitako, biskuti safu moja, krimu, biskuti, krimu. Biskuti zikaribiane bila kupandana. Za pembeni zivunje zijaze mapengo. Pengo likibaki tupu, kipande cha hapo kitazama. Funika vizuri, kwa sababu krimu hunyonya harufu ya kitunguu cha rafu ya chini kuliko unavyodhani. Jokofuni usiku kucha.

HATUA YA 5: Chokoleti na mapambo

Asubuhi, katakata chokoleti ndogondogo. Pasha ml 100 za krimu mpaka ianze kufuka mvuke pembeni, isichemke. Mimina juu ya chokoleti, acha dakika 2 bila kugusa, kisha koroga kuanzia katikati. Bakuli liwe kavu kabisa, maana chokoleti inayoyeyuka ikipata tone moja au mawili ya maji huwa inakakamaa na kufanya chembechembe.

Iache ipoe mpaka iwe vuguvugu tu, ndipo uimwage juu ya keki na kuisambaza. Ukiimwaga ya moto utayeyusha tabaka ulilolisubiri usiku kucha. Saa moja jokofuni, kisha panga mayai ya chokoleti, mazima na mengine yaliyovunjwa. Kwa watoto chini ya miaka minne au mitano weka yaliyopondwa tu. Yai dogo gumu la duara ni saizi ya koo la mtoto.

Kukata: chovya kisu kwenye maji ya moto, futa, kata mara moja, futa tena. Rudia kila mkato.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo mwalimu. Krimu yangu ilifika vizuri, nikageuka kidogo tu, niliporudi imekuwa na punjepunje kama uji ulioshindwa. Nimwage?

Jibu: Usimwage, mpenzi. Umepitiliza, mafuta yameanza kuwa siagi. Kama ni punje tu, ongeza vijiko viwili vitatu vya krimu baridi ambayo haijapigwa, uchanganye kwa mkono polepole. Mara nyingi inarudi. Kama maji yameshajitenga, hapo hakuna kurudi. Endelea kupiga, chuja, tia chumvi: umepata siagi ya mkate. Halafu kanunue krimu nyingine.

Swali: Dada, mimi nilitumia jelatini kwenye krimu yangu na nikapanga nanasi fresh katikati. Asubuhi yake kulikuwa na maji. Jelatini ilikuwa mbovu?

Jibu: Jelatini haina kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na jelatini ni protini, kwa hiyo limeitafuna usiku kucha. Papai na kiwi nazo ni hivyo hivyo. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa limepikwa kiwandani. Lako nawe lichemshe dakika chache, lipoe, ndipo utumie. Na hata hii krimu ya leo isiyo na jelatini, sitaweka nanasi bichi ndani. Lina maji mengi, na baada ya muda maziwa nayo huwa machungu. Stroberi zinakubali, ila ziweke juu wakati wa kuandaa.

Swali: Mke wangu hatumii maziwa kabisa. Nikiweka krimu ya nazi na maziwa mazito ya nazi kwa vipimo hivyohivyo itakubali?

Jibu: Hapana kaka, na nashukuru umeuliza kabla. Limau linagandisha protini za maziwa ya ng'ombe. Nazi hazina protini hizo, utapata kitu kitamu kinachotiririka. Kwako tumia aga-aga (kigandishi kinachotokana na mwani): gramu 2 za unga kwenye ml 150 za tui, ichemke kabisa dakika 2 huku unakoroga, kisha ichanganye na maziwa ya nazi yasiyo ya baridi, maana aga-aga huanza kuganda ikiwa bado vuguvugu na ukichelewa inakuwa mabonge. Krimu ya nazi iliyopigwa iingie mwisho, haraka. Kitako tumia mafuta ya nazi, gramu 60 badala ya 75 za siagi, kwa sababu jokofuni yanakuwa magumu kuliko siagi. Na usome pakiti ya biskuti, nyingi zina maziwa.

Swali: Kwa nini hukuweka mayai? Nimeona wengine wanapiga ute wa yai ili krimu iwe nyepesi.

Jibu: Kwa sababu hakuna kinachopikwa hapa, na mezani kutakuwa na wajawazito, watoto na wazee. Yai bichi lisilopita motoni silipi nafasi hiyo. Wepesi tumeupata kwenye krimu.

Swali: Inakaa siku ngapi? Na nikiigandisha kwenye friza?

Jibu: Jokofuni, kwenye nyuzi 4 hivi, siku tatu. Ya pili ndiyo tamu kuliko zote kwa maoni yangu. Nje ya jokofu isizidi saa mbili. Friza inakubali, lakini bila chokoleti ya juu. Itoe uiweke jokofuni usiku mmoja kabla ya kuila, ndipo umwage chokoleti.

Swali: Shoga yangu, biskuti zangu ni zile nene. Nifanyeje?

Jibu: Zichovye kwenye maziwa baridi, upande mmoja, sekunde moja. Hesabu "moja" na utoe. Ukihesabu mpaka tatu unapanga uji.

Swali: Mwalimu, nisamehe, nimeliona somo leo Jumapili. Wageni wanafika baada ya muda wa saa tatu kutoka sasa, na vitu vyote ninavyo. Kuna namna?

Jibu: Ipo, lakini sahau mraba na visu. Chukua vikombe au glasi. Mchanga wa biskuti chini, bila kugandamiza, krimu, biskuti zilizovunjwa vipande na kuchovywa sekunde moja kwenye maziwa, krimu tena, chokoleti vuguvugu kijiko kimoja juu. Glasi zote jokofuni sasa hivi, rafu ya nyuma kabisa penye baridi, na watoto wasifungue mlango. Kwa kuwa hutaikata, hakuna atakayejua kwamba haikushikana. Anza na krimu, bakuli liende friza wakati unaponda biskuti.

Swali: Nimeshaweka bakuli kwenye friza. Limau langu ni moja tu!

Jibu: Ongeza ndimu, uchachu ni uchachu. Kimbia.